Aliyepiga na Aliyetoka

Ipo picha moja mashuhuri duniani ambayo kwa miaka mingi imebeba jina la ziwa letu. Wavulana watatu, uchi, wanakimbilia majini. Tunawaona kwa nyuma. Mwanga umewageuza karibu kuwa vivuli vitupu, weusi mkolevu mbele ya povu jeupe la wimbi, na miili yao imepishana kwa namna ambayo mchoraji angehitaji wiki nzima kuipanga. Hakuna aliyegeuka. Aliyeipiga ni Martin Munkácsi, Mhungaria aliyekuwa akifanya kazi na magazeti ya picha ya Berlin, na ilipigwa mwaka 1930 au hapo karibu. Vitabu na kumbi nyingi za maonyesho zimeitambulisha hivi: wavulana watatu, Ziwa Tanganyika.

Mimi ni mtu wa Mpanda. Ziwa Tanganyika ndilo linalofunga mkoa wetu wa Katavi upande wa magharibi. Ukitoka mjini ukateremka hadi Karema au Ikola, unalikuta limelala mbele yako. Kwa hiyo nilipoiona picha hiyo kitabuni nikiwa chuo, nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya akioneshwa picha ya kwao: nilitafuta ninachokifahamu. Nilitafuta mlima, mtumbwi, mwalo wa dagaa, hata mti mmoja. Hamna. Kuna mchanga, maji na migongo mitatu. Baadaye nikaikuta picha ile ile mahali pengine ikiwa na maelezo tofauti: Liberia, 1931.

Liberia iko kwenye bahari ya Atlantiki. Kutoka huko hadi ufukweni kwetu ni zaidi ya kilomita 4,000, umbali unaozidi ule wa Paris hadi Moscow. Mtu wa Karema atakwambia kwamba wimbi halithibitishi kitu, maana upepo ukivuma ziwa nalo hupiga povu kama bahari. Sina nia ya kuamua ubishi huo. Kinachonishughulisha ni kwamba ubishi wenyewe umewezekana. Hii ni miongoni mwa picha zilizoathiri sana upigaji picha wa karne iliyopita, na kwa zaidi ya miaka 90 imeweza kusifiwa, kuchapishwa, kuuzwa na kufundishwa bila ulazima wa kujua watoto hawa ni wa bara upande gani, mashariki au magharibi.

Nasema imeathiri sana kwa sababu iliangukia mikononi mwa mtu aliyeifanyia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana mmoja Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyekuwa amesomea uchoraji, aliiona ikiwa imechapishwa. Maisha yake yote alieleza kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwasha. Alishangaa kwamba kamera inaweza kunasa kitu kama kile, uhai unaopita na ambao sekunde moja baadaye haupo tena. Akachukua kamera ndogo aina ya Leica, akaingia mtaani. Kutokana na kazi yake, watu wa dunia nzima wakajifunza kuthamini picha ya kushtukiza: picha ya mtu asiyejipanga, asiyejua, au asiyejali kwamba anapigwa.

Mwaka 1952 Cartier-Bresson alitoa kitabu kilichokuwa kama msahafu wa wapiga picha wa mtaani. Wachapishaji wa Marekani walikipa jina zito, The Decisive Moment, na sisi tuliosoma kwa Kiingereza tukalipokea kama falsafa: wakati ule mmoja ambapo kila kitu kinakaa mahali pake. Lakini jina lake la Kifaransa ni Images à la sauvette. Maneno hayo ya mwisho Wafaransa huyatumia kwa mchuuzi asiye na kibali, anayetandaza bidhaa zake kando ya njia huku jicho moja likiangalia askari, tayari kukunja na kukimbia. Yaani machinga kabla mgambo hawajafika. Jina la Kifaransa lina ukweli ambao lile la Kiingereza limeuficha. Picha ya kushtukiza ni biashara ya haraka haraka. Kuna kitu kinachukuliwa, na anayekichukua ana sababu ya kutokaa sana pale.

Hebu tulinganishe. Mwaka 1932 Cartier-Bresson alipiga picha yake mashuhuri kuliko zote: mwanamume anaruka juu ya dimbwi la maji, kisigino kikikaribia kugusa kivuli chake. Naye hana jina. Hakuna anayemfahamu, na uso wake hauonekani. Hata hivyo, kila anayeifahamu picha hiyo anajua ilipigwa wapi: nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Mtu anaweza kwenda akasimama pale. Mruka dimbwi wa Paris alipoteza jina, akabakiwa na mahali. Watoto wa Munkácsi walipoteza vyote viwili, na hakuna aliyeona kwamba picha imepungukiwa. Nadhani ilikuwa hivyo kwa sababu watazamaji wake wa kwanza walihitaji vitu viwili tu, Afrika na furaha, na migongo mitatu ilitosha.

Hapa mtetezi wa picha za kushtukiza atasema: ndugu yangu, unalaumu maelezo yaliyoandikwa chini ya picha. Picha yenyewe ni ya kweli, na ukweli wake unatokana na watoto hawa kutojua. Wangejua wangesimama, wangenyoosha mikono ubavuni, wangekaza macho. Tungepata picha nyingine ya Waafrika waliopangwa mstari.

Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuikwepa. Ila imejengwa juu ya wazo kwamba mtu asiyejipanga ndiye mtu wa kweli, na mtu aliyejipanga ni mtu aliyejificha. Wazo hilo nimelisoma vitabuni. Mtaani kwetu sijalisikia.

Sikiliza Kiswahili kinavyozungumza habari za picha. Mwenye kamera *anapiga*. Je, mwenye sura anafanya nini? *Anatoka*. "Umetoka vizuri." "Hapa sikutoka vizuri, irudie." "Wewe na dada yako mmetoka kama mapacha." Katika lugha yetu, anayepigwa picha hakai tu kungoja afanyiwe kitu. Ana kitenzi chake, na ni kitenzi kile kile tunachokitumia kwa mtu aliyeoga, akapaka mafuta, akavaa, akafunga mlango na kwenda mbele za watu. Ndiyo maana matembezi ya kujipamba tunayaita mtoko. Picha, kwa masikio ya Mswahili, ni kazi ya watu wawili: mmoja anapiga, mwingine anatoka.

Ukikaa kwenye studio yoyote ya mjini Mpanda, iwe Majengo au Makanyagio, utauona ushirikiano huo ukifanyika. Mama anaingia na mtoto, anaomba kioo, anarekebisha kilemba, anamfuta mtoto kamasi. Kijana aliyetoka machimboni na fedha kidogo anauliza kama kuna koti la kuazima. Nyuma yao kuna pazia lililochapishwa ghorofa na bustani ambazo hazipo Katavi. Mgeni atacheka. Lakini anayefuatilia historia ya picha Afrika Mashariki atatambua mila yenye umri mkubwa, kuanzia studio za Zanzibar na Mombasa za karne ya 19 hadi wapiga picha waliojipatia riziki kwenye kivuko cha Likoni wakiwa na mapazia yao ya rangi. Watu hawakwenda pale kudanganya. Walikwenda kusema: nikipata nafasi ya kuchagua, hivi ndivyo ninavyotaka kuonekana. Chaguo nalo ni habari ya kweli kuhusu mtu, sawa na kisigino kinachokaribia maji.

Picha ya kushtukiza inambakiza mpiga na kumwondoa mtokaji. Mtu yumo kwenye picha, lakini hakutoka. Alitolewa.

Sasa nisije nikaonekana kwamba natetea studio kwa kila kitu. Kujipanga mbele ya kamera hakumpi mtu hadhi moja kwa moja. Picha ya kitambulisho cha taifa inapigwa mtu akijua, ameketi, anaangalia mbele, na hakuna anayetoka vizuri mle. Huko amri ya kukaa sawa inatoka kwa mwingine. Na upande wa pili, kutojipanga nako kumeshakuwa pozi. Nenda kwenye harusi yoyote mjini leo. Mpiga picha anawasimamisha bwana na bibi harusi chini ya mwembe, anawaambia: "Msiangalie kamera. Bibi harusi, mnong'oneze kitu. Bwana, cheka kama hunioni." Wanarudia mara nne hadi kicheko kikae sawa. Hizo ndizo picha za bei ya juu.

Wala ujanja huo si wa Mpanda peke yake. Mwaka 1950 Robert Doisneau alipiga picha ya vijana wawili wakibusiana katikati ya umati mbele ya jengo la manispaa ya Paris. Kwa miongo kadhaa watu waliiweka ukutani kama ushahidi wa mapenzi yaliyonaswa mtaani. Katika miaka ya 1990 mambo yalifika mahakamani baada ya watu kudai kuwa wao ndio waliopigwa, na Doisneau akaeleza kwamba aliwatumia vijana waliokuwa wakisomea uigizaji. Haikuwa imeshtukizwa. Watu waliohuzunika kwa habari hiyo walikuwa wameamini kwamba kutojua ndiko kulikokuwa na thamani. Mimi nadhani picha haikupoteza kitu. Wale vijana walitoka, na walitoka vizuri.

Kwa hiyo kama mstari wa kutenganisha picha njema na picha mbaya haupiti kati ya kujipanga na kutojipanga, unapita wapi? Kwa swali hili vitabu vimenisaidia kiasi. Zaidi zimenisaidia picha mbili za nyumbani kwetu.

Babu yangu alikuwa mbeba mizigo katika stesheni ya Mpanda, mwisho wa ile reli ya tawi kutoka Kaliua iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi. Machimbo yalifungwa, treni ikabaki, na babu akabaki na treni. Tuna picha zake mbili. Ya kwanza ni ya studio: amekaa kwenye kiti chenye mikono, koti si lake, magoti yamekaa pamoja, uso kama wa mtu anayesomewa hukumu. Hiyo iko sebuleni, ina fremu. Ya pili ilipigwa na mwalimu mmoja mgeni aliyeshuka na treni. Babu amejitwika sanduku, shati limefunguka vifungo vyote, anacheka na mtu ambaye haonekani, na pengo la meno ya mbele liko wazi. Hakujua. Mwalimu yule akaisafisha, na miezi kadhaa baadaye ikafika kwa posta kupitia sanduku la barua la parokia. Nyuma yake, kwa kalamu ya wino wa bluu, ameandika: "Mzee wa mizigo, stesheni ya Mpanda, Agosti 1988. Asante kwa kunibebea."

Bibi hakuwahi kukubali picha hiyo ikae ukutani. Alisema mtu hawekwi mbele za wageni na shati wazi. Lakini hakuitupa pia. Ilikaa kwenye sanduku lake la vitenge, imefungwa kwa leso, na siku tulipomuuliza kwa nini anaificha, alituambia: "Hapa babu yenu hakutoka. Hapa alikamatwa." Akaishika tena, akaiangalia muda mrefu, akaongeza: "Lakini ndiye."

Sijasoma uhakiki wa picha za kushtukiza unaozidi sentensi hizo. Bibi alikataa na kukubali kwa pamoja. Alijua mumewe amechukuliwa kitu bila kuulizwa, na alijua pia kwamba hakuna studio ambayo ingempa kicheko kile. Kilichomwezesha kuvishika vyote viwili ni kwamba picha ilirudi. Yeye ndiye aliyeamua ikae ukutani au sandukuni. Mwalimu alipiga kama machinga, lakini alirudi kulipa. Alijua pa kuituma kwa sababu alikuwa ameuliza: huyu ni nani, hapa ni wapi, barua zinafikaje. Yale maandishi ya wino wa bluu ndiyo ambayo picha ya Munkácsi haikuwa nayo, na ndiyo sababu watoto wake wanaweza kuhamishwa kutoka pwani moja ya Afrika hadi ziwa la upande wa pili bila mtu kusema, "Hapana, huyo ni wetu."

Mkoa wetu umeshawahi kuwafundisha wasomi somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na makazi mawili makubwa waliyopewa, Katumba na Mishamo, leo yako Katavi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini mwaka 1985 na 1986. Aliwakuta watu wa Mishamo wakiwa wasimuliaji wasiochoka: walikuwa na historia yao, walibishana juu yake, walitaka iandikwe. Mwaka 1996 alichapisha makala ambayo kila anayepiga picha za watu wenye shida angepaswa kuisoma. Alionesha jinsi picha za wakimbizi katika ulimwengu wa misaada zinavyofanana: umati, macho, miili, mama na mtoto. Nyuso nyingi, sauti hakuna. Watu wenye maneno mengi kuliko mwandishi yeyote walikuwa wanageuzwa kuwa picha isiyosema. Aliona pia kwamba wahudumu waliamini jeraha la mkimbizi kuliko simulizi lake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutoulizwa jina hakuishii kwenye picha. Anayezoea kukuangalia bila kukusikiliza ataamua mambo yako bila kukusikiliza. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliokuja mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao, walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Ni majirani zetu, tunapanga nao foleni benki. Lakini ukitafuta sura yao katika picha zinazozunguka duniani, bado utakuta mkimbizi asiye na jina, amekaa chini, hajatoka.

Najua kuna hatari katika ninachosema. Tukisema kila picha iombewe ruhusa, tutakuwa tumewapa zawadi wale wasiotaka kuonekana wanachofanya. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alifungwa Zanzibar mwaka 1966 kwa sababu ya picha ambazo wenye mamlaka hawakupenda zipigwe. Asingeomba ruhusa, na wasingempa. Mwaka 1984 huyo huyo alikuwa Ethiopia, na picha zake za njaa ziliifanya dunia ichangie kwa kiwango ambacho haikuwa imezoea. Watu wale hawakujipanga. Walikuwa wanakufa. Je, nimwambie Amin kwamba alikosea kwa sababu hakuuliza majina?

Siwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba picha hizo mbili si za aina moja, hata kama mpiga ni mmoja. Mwenye mamlaka anayeshtukizwa ana ofisi, ana msemaji, ana gereza. Picha ikitoka vibaya, anajibu, tena anajibu kwa nguvu. Mtu mwenye njaa hana pa kujibia. Kwa hiyo deni la mpiga picha linakua kadiri aliyepigwa anavyokuwa mnyonge. Kwa mwenye nguvu unaweza kupiga na kukimbia. Kwa asiye na nguvu unaweza kulazimika kupiga haraka, lakini ukishapiga, kaa. Uliza. Andika nyuma ya picha.

Zamani deni hili lilikuwa la watu wachache wenye kamera. Leo ni letu sote. Bodaboda ikigongwa barabarani, kabla ya aliyeanguka kufunikwa kanga, simu kumi zimeshainuliwa, na jioni mguu wake uko kwenye magrupu ya WhatsApp ukiwa na vicheko chini yake. Mama anayeuza samaki sokoni akisinzia mchana, kijana anampiga, anaweka muziki, anapata watazamaji. Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, watu huja kutoka mbali kupiga picha za viboko wanaobanana kwenye mto Katuma wakati wa kiangazi. Kiboko haombwi ruhusa, na hakuna anayelalamika. Ila lenzi ndefu ile ile, gari likipunguza mwendo kijijini, humgeukia msichana mwenye ndoo kichwani bila kubadilisha hata namna ya kuishika. Anaviziwa kama mawindo. Ajabu ni kwamba siku hizi anayefanya hivyo huenda akawa mtalii wa ndani, msomi kama wewe na mimi, mwenye ukurasa wa picha mtandaoni na maneno mazuri kuhusu uhalisia.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni vizuri ipo. Lakini sheria humsaidia anayejua kwamba picha yake inazunguka. Yule mama wa samaki huenda hana simu ya kuionea. Kwake picha haijarudi, na haitarudi, kama aliyeipiga hakurudi mwenyewe.

Kwa sababu hiyo nikiletewa picha ya mtu leo niihakiki, siulizi tena kwanza kama alijua. Nauliza kama picha ina njia ya kumrudia. Je, yupo anayeweza kuipeleka kwake? Je, akiiona anaweza kusema itoe, au niongezee nakala mbili? Je, jina lake na la mahali pake vimeandikwa popote, hata kama hakutaka vichapishwe? Picha iliyopangwa studio inajibu maswali haya yenyewe, kwa sababu mteja anarudi kesho kuchukua nakala zake. Picha ya kushtukiza haiwezi kujibu bila mpiga kufanya kazi ya ziada, kazi isiyoonekana kwenye fremu na isiyopewa tuzo. Kazi hiyo nayo ni sehemu ya ufundi. Mpiga asiyeifanya amemaliza nusu.

Kwa kipimo hicho, picha ya Munkácsi ni nusu nzuri mno. Sipendi kuiondoa ukutani mwa mtu yeyote. Mwili wa mtoto unaokimbilia maji una haki ya kuonekana hivyo, umejaa, hauna hofu, hauombi msaada, na mwaka 1930 hazikuwa nyingi picha za watoto wa Afrika zilizowaacha wafurahi bila kuwapima vichwa. Mpiga aliona kitu cha kweli. Halafu akapanda meli na nusu nyingine haikuandikwa, na waliokuja baada yake, kutia ndani wahakiki wakubwa, walijaza pengo hilo kwa jina la ziwa.

Ningekuwa naandaa maonyesho, ningeiweka ukutani na chini yake ningeandika: Wavulana watatu wakikimbilia maji. Liberia au Ziwa Tanganyika. Majina hayakuandikwa. Na pembeni yake ningeacha nafasi tupu yenye ukubwa wa picha moja, ili mtazamaji aone kwamba hapo kuna kitu hakijaletwa.